Wikendi ya Watu Wawili

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Itangazwe kwa mataifa yote, kaunti zote, na ukoo wa baba yangu hadi kizazi cha mwisho: leo, katika soko la Migori, mimi Nashon, fundi wa redio na televisheni, nimenunua kaptula. Rangi ya udongo. Ina mifuko sita, na sina cha kuweka hata katika miwili. Tangu nitoke shule ya msingi magoti yangu hayajaona barabara. Sasa yataiona Homa Bay.

Sababu ni Marion. Jana tukitoka kanisani aliniambia kampuni ya mbegu anakofanya kazi inamtaka Kitale, akasimamie tawi zima. Jibu lao wanalitaka Jumatatu ijayo. Tulipofika nyumbani nikamwuliza atawajibu nini. Kabla hajafungua mdomo mteja akagonga dirisha, redio mkononi, mende ndani ya redio. Jumapili! Nikaenda kuitazama. Niliporudi mke wangu alikuwa anaosha sufuria kwa kishindo.

Akasema katika nyumba hii hazungumzi tena jambo la maana. Nimpeleke mahali wikendi hii, watu wawili tu, ndipo nitapata jibu. Na sharti moja: asionyeshwe ziwa. Yeye ni binti wa mvuvi wa Karungu. Ziwa amelichota kwa ndoo, amelifulia nguo, limemmeza mjomba wake. Hawezi kufunga safari kwenda kulichekea. Samaki pia hataki. Simbi, lile ziwa dogo la volkano, pia hataki, kila mtu amepiga picha pale.

Raha ya Homa Bay bila ziwa. Ni kama kuagiza supu ya kuku na kumwomba mpishi asihusishe kuku.

Mimi sitaki aende Kitale. Hilo nimeliandika hapa tu.

Jumanne, 4 Novemba

Hakuna kazi dukani. Nimeshinda kwenye intaneti nikisoma wataalamu wa mapenzi ya safarini. Kinyaa! Wote wanaandika kama watu waliolamba asali wakasahau kupangusa kidevu. Mmoja anashauri wapenzi wapotee pamoja mitaani. Homa Bay? Ukifika kona ya pili mtu atakuita kwa jina la baba yako na kukuuliza unatafuta kwa nani. Mwingine ameweka picha ya mwanamume akimlisha mkewe tunda dogo jekundu. Mke amefungua mdomo kama kifaranga. Watu wazima!

Ni mmoja tu aliyesema kitu. Achaneni na vivutio vya kila siku, ameandika. Laleni wanakolala wenyeji. Nyumba ndogo, tulivu, isiyojulikana na wageni. Hapo nikaona huyu ana akili.

Halafu akaja Clifford, anayeuza magodoro duka la pili kutoka kwangu. Clifford aliwahi kukaa Mombasa wiki moja, kwa hiyo ni daktari wa mahaba. Anataka maua yamwagwe kitandani. Anataka taulo zikunjwe kama ndege wawili wanaobusiana. Nikamwuliza nitajipangusa na nini. Akanitazama kwa huruma.

“Omera, ndugu yangu, ndiyo maana wake zenu wanahamia Kitale.”

Kitale nilikuwa sijamwambia. Mji huu! Siri ikianguka sokoni asubuhi, jioni iko Isebania inavuka mpaka bila karatasi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata gesti. Iko nyuma ya kilima cha Asego, madirisha yanatazama mlima, ziwa limepewa kisogo. Hakuna aliyewahi kuisifia popote. Nimepiga simu, nikapokelewa na msichana anayeitwa Beverly, anayeongea akitafuna. Akasema wikendi hiyo watakuwa na kikundi cha kanisa, lakini ni watu wazima, watulivu. Nikasema sisi pia tunapenda utulivu.

Nikaomba, kwa sauti ya chini, maua kitandani. Akauliza msiba ni wa nani. Nikasema si msiba, ni mapenzi. Kutafuna kukakoma. Akasema watajaribu.

Na kivutio pia nimepata: ghala la zamani la pamba, pembeni mwa mji, lililofungwa kabla mwanetu Tony hajazaliwa. Nina hakika hakuna wapenzi waliowahi kupelekwa pale. Hiyo ndiyo sifa yake.

Jioni nimeijaribu kaptula. Marion ameitazama, akatoka nje. Nimemsikia akicheka na ukuta.

Ijumaa, 7 Novemba

Marion amempigia mama yake Karungu kumuaga. Akaambiwa mama ameondoka, yuko kwenye semina ya akina mama wa kanisa. Wapi? Hakuuliza. Mimi pia sikuuliza. Maro akiwa mbali mkwe hupumua.

Si kwamba tuna ugomvi. Kwetu mkwe na maro, mama mkwe, hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Heshima yenyewe ni umbali. Miaka yote hii nimemheshimu nikiwa mbali, naye amenipenda akiwa mbali, na sijui ndoa yoyote Migori iliyotulia kama uhusiano wetu sisi wawili.

Nimepakia. Kaptula iko juu.

Jumamosi, 8 Novemba. Saa moja jioni

Niandike kwa utaratibu, maana hasira bado ninayo.

Tulifika mchana. Chumba kinanuka rangi mbichi. Maua yalikuwepo: yale ya zambarau ya kwenye ua, yamenyauka, na sisimizi wamekuja nayo. Walikuwa wanazunguka juu ya shuka kama wanapima kiwanja. Taulo zilikuwa ndege kweli. Mmoja shingo imeanguka, mwingine ana doa kifuani. Sikukikalia kitanda kile. Nilikunywa soda nimesimama, nimevaa kaptula, nikitazama mapenzi yakitembea kwa miguu sita. Marion alikaa kwenye kiti akicheka polepole.

Tukaenda ghalani. Mlinzi, mzee mmoja anaitwa Otieno, akatokea na rungu akisema ardhi hii ina kesi. Nikamweleza hatununui, tumekuja kustarehe mimi na mke wangu. Akayatazama magoti yangu kwa muda. Akasema hata wale wa mwezi jana walidai wanapiga picha za harusi, mara wakatoa kamba ya kupimia.

Marion alicheka mpaka akanishika mkono. Tangu Tony aende shule ya bweni hajawahi kunishika mkono njiani.

Otieno akaona hatuondoki, akaamua kututembeza. Popo, mavi ya popo, gunia moja, mbuzi ambaye si wake. Harufu ya kutapisha. Kwenye kona kuna mizani mikubwa ya pamba, imeshikwa na kutu. Marion akapanda juu yake. Mshale haukusogea. Akasema, akiwa bado pale juu:

“Baba Tony, kesho tukinywa chai nitakupa jibu langu. Lakini uje na lako. Umeuliza kama nitaenda. Hujasema kama wewe ungekuja.”

Nikampa mkono ashuke. Otieno alikuwa anatikisa funguo, anataka kufunga. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nalifikiria, na jibu lilikuwa jepesi mpaka nikaona aibu. Mende wa Kitale nao wanaingia kwenye redio. Nitakuja. Neno moja! Nikaliweka kwa ajili ya chai. Ndiyo mpango uliosema hivyo, na mimi mjinga nikaheshimu mpango.

Langoni tukasikia nyimbo. Ndani, mapokezi yamejaa vitambaa vyeupe vya kichwa. Hicho ndicho kikundi cha kanisa, watu wazima, watulivu. Na kwenye kiti kinachotazama mlango, maro.

Laleni wanakolala wenyeji. Nimelala, na wenyeji wamefika!

Nilijitupa nyuma ya friji ya soda. Mwili uliingia wote, magoti yakaingia mwisho. Naamini aliyaona. Mwanamke ambaye hajawahi kuona hata kiwiko changu. Na Beverly, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti ya soko kama baba mwenye kaptula amepoteza kitu.

Kuanzia hapo Marion akawa mjumbe, kati ya kiti na friji. Nikatuma hoja kwamba hoteli si boma, ni biashara. Likarudi jibu kwamba paa ni paa. Nikatuma kwamba vyumba ni tofauti. Likarudi jibu kwamba paa ni moja. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alimwambia Marion kwa upole nisijisumbue, nilale usingizi wangu niliolipia. Yeye atatoa kiti nje, kwenye nyasi, akeshe hapo, kuliko kuleta chira, laana ya kuvunja mwiko, kwenye nyumba ya bintiye. Mama wa umri ule. Novemba, na wingu limekaa juu ya Asego kama ng'ombe mjamzito.

Mkwe gani atakubali? Nikaondoka kupitia jikoni, begi kichwani, wapishi wakinipisha kwa heshima.

Wale mama walikuwa wamepangwa watatu kitanda kimoja, na upande wangu kwenye kitanda cha Marion sasa ni mtupu, maro anaweza kulala hapo. Maro akauliza swali moja tu, lakini swali lenyewe: je, amekikalia? Maana kitanda alichokalia mkwe yeye hawezi kukigusa. Marion akanipigia simu nikiwa barabarani kuniuliza. Nikasema kweli. Sikukikalia, walikuwepo sisimizi.

Basi kitanda ni safi. Ndiyo shukrani ya kuwa na kinyaa.

Sasa niko ng'ambo ya barabara, lojing'i iliyo juu ya duka la misumari. Taulo langu halikukunjwa kitu chochote. Mara tatu nimeandika lile neno kwenye simu, mara tatu nimelifuta. Marion humsomea mama yake kila ujumbe kwa sauti, ni mazoea yao tangu macho ya mama yaanze kufifia. Nimwandikie nakufuata Kitale, na akina mama wa kanisa waitikie amina?

Jumapili, 9 Novemba

Nimeamka, nikavaa suruali. Ndefu.

Dirisha langu linaona veranda yao. Meza moja, kitambaa, birika, maua mengine ya zambarau, nadhani na sisimizi wengine. Maro amekaa kwenye kiti kinachotazama mlima. Hicho nilikichagua mimi kwa simu. Nilimwambia Beverly: kiti cha mlima, chai ya tangawizi, mkate wa moto.

Nimeshuka, nimevuka barabara. Langoni maro ameniona. Kwa adabu kabisa akageuza kiti, akanipa mgongo. Kwa adabu ileile nikageuka, nikampa wangu. Migongo miwili yenye heshima, na katikati mke wangu ameshika kikombe. Nilipochungulia kwa pembe ya jicho akainua mkono. Njoo, au ngoja? Kwa mbali ni mkono uleule.

Naandika hapa, nimekaa kwenye jiwe la lango, nimegeukia barabara. Nimemsikia akicheka. Halafu maro akasema jambo refu kwa Kijaluo, polepole, ile sauti ya mtu anayeaga mtoto. Sikulipata lote. Baridi, nimesikia. Kanisa, nimesikia. Jina langu sikulisikia.

Simu imelia. Ni Marion.

“Mama anasema Kitale kuna baridi. Tukitoka hapa ninunue sweta.”

Hakusema ngapi.

Kwa hiyo chai imenywewa, jibu limetolewa, mimi nimelipata kupitia hali ya hewa. Nimeandika: Nunua mbili. Nautazama ujumbe. Kidole kiko juu ya kitufe. Nyuma yangu nasikia maro akimwuliza bintiye anangoja nini kwenye simu, ni nani anaandika, asome.

Beverly amekuja langoni, anatafuna. Amesema nisiendelee kungoja. Kifungua kinywa kilikuwa cha watu wawili, na kimeliwa.