Siku Tano Kila Mji

Baba Neema,

Shikamoo. Huku Newala sisi wazima, mbuzi wazima, na mikorosho imeanza kutoa maua. Ungekuwepo ungeshanikurupusha alfajiri tukapulize dawa ya salfa kabla umande haujakauka. Lakini uko Dar es Salaam wiki ya tatu sasa, unasema unafuatilia makaratasi ya viza, na kwamba mimi nitaitwa baadaye kuja kutoa alama za vidole. Sikuamini. Nalisema mapema ili usisome ukidhani nakutania.

Unaikumbuka siku ya ndoa yetu pale Masasi? Watu bado wanakula pilau, wewe ukaninong'oneza, "Tuwahi gari." Gari lenyewe lilikuwa la kesho yake! Neema alipozaliwa hospitali ya Ndanda, ulimwuliza mkunga kama tunaweza kuondoka mchana uleule, kisa makopa ya muhogo tuliyaacha uani na mvua inakuja. Yule mama alikutazama, akakwambia uende ukayaanue mwenyewe. Miaka thelathini nimetembea nyuma yako, hata kwenda misibani Lukuledi. Mgongo wa shati lako naujua kuliko kanga zangu.

Basi Neema alipopiga simu kutoka huko Ujerumani anakouguza wagonjwa, akasema tuje tusherehekee miaka yetu thelathini, nilijua utataka tumalize Ulaya nzima kwa wiki moja. Ukachukua daftari. Munich siku tano. Vienna siku tano. Venisi siku tano. Treni za mchana tu, na kila baada ya chakula kupumzika. Neema akasema Paris nayo si mbali, tupite. Ukamjibu, "Hatupiti mahali, mwanangu. Tunakaa." Kisha ukanigeukia: "Nataka tukae tu, Mama Neema, tuangalie watu."

Wewe? Wewe ambaye hata kanisani huyasubiri matangazo?

Nikaanza kukupeleleza. Kwanza nilidhani ni mwanamke, maana mwanamume akianza upole ghafla, kuna jambo. Nikapekua mifuko yako, nikakuta pipi za kikohozi na kipande cha msumari. Nikaona haya kidogo, ila sikuacha. Mara tatu ulikwenda Ndanda kumwona mgonjwa. Nilipokuuliza ni nani, ukasema, "Humjui." Baba Neema, baada ya miaka yote hii una mgonjwa nisiyemjua? Dalili ya mvua ni mawingu. Nikaendelea kutwanga.

Jumapili akaja wifi Rehema, dada yako. Nikamtandikia mkeka, akakataa kukaa. "Wifi," akasema, "kaka kakupa wewe na Neema mikorosho yote. Wanangu hata mti mmoja! Kagawa kama mtu aliyekwisha kuitwa na Mungu."

Wewe na mimi tunaijua mila yetu: miti ya mwanamume huchukuliwa na watoto wa dada yake. Akitaka ibaki kwa mke na mtoto, lazima aseme kwa mdomo wake mbele ya wajomba wa pande zote mbili, angali hai. Na hakuna mzima anayelifanya hilo, watu wanaogopa kukiita kifo. Mtu wa kwenda kutembea wiki tatu anafunga mlango, anaaga majirani, basi. Hagawi miti.

Nikapanda gari hadi Masasi, kisha bodaboda hadi Lisekese kwa mjomba wangu Yohana. Hakunitazama usoni. "Mumeo alikuja, mpwa wangu," akasema. "Alishinda hapa kutwa. Hakuwa na haraka." Nikalia pale pale mbele yake, mtu mzima mimi, na wajukuu wake wanatazama.

Nimekukasirikia sana. Miti umenipa kwa heshima zote, asante. Lakini wajomba wamejua, dada yako amejua, na mimi ninayekupikia uji ndiye wa mwisho. Kama ni ugonjwa, ni wetu sote. Kama nimekosea, njoo unicheke, nitafurahi kuchekwa. Ila unicheke ana kwa ana, si kwa simu, maana kwa simu umeshanidanganya vya kutosha.

Pasipoti yangu nimempelekea mjomba Yohana jana. Nimemwambia asimpe mtu, hata Neema, mpaka wewe mwenyewe ukae mbele yake, nami nikiwepo, useme daktari alikwambia nini. Ukishasema, nitakuja kutoa hizo alama za vidole, na tutakwenda. Tukiweza mji mmoja tu, tutakaa huo mmoja, na nitakukanda miguu kila jioni.

Ujane nauogopa, sikufichi. Lakini ninachoogopa zaidi ni kusimama huko Venisi napigwa picha, nacheka na meno yote nje, kumbe mwenzangu ananiaga.

Nitakusubiri Lisekese.

Mkeo,
Mama Neema