Saini Niliyoizuia

Garissa

Kwa kaka yangu Khalif,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta huko Mandera ukiwa na nafuu, na kwamba daktari atakutoa plasta ya mguu karibuni uweze kusafiri. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana. Hasemi mengi siku hizi, ila anakula. Binti yako anakunywa maziwa vizuri na analia kwa nguvu. Mama amekataa apewe jina mpaka wewe mwenyewe ufike.

Tumezungumza kwa simu mara nyingi tangu tumzike mkeo Nimo, Mungu amrehemu. Lakini kila nikitaka kukueleza habari za wodi, unaanza kulia, nami nabadilisha mazungumzo. Ndiyo sababu nimeandika. Nampa Deeq, anayekuja huko kwa ndege ya kazini kwake, akukabidhi mkononi.

Walaal, ndugu yangu, hujapata kuniuliza kazi yangu katika ujenzi ule wa wodi kijijini kwetu ilikuwa nini hasa. Watu huniita injinia, wakadhani najenga. Aliyejenga ni Mahat, mkandarasi. Mimi nilikuwa msimamizi wa mkataba: nihakikishe kinachojengwa ndicho tulichokubaliana, amri zitoke mdomo mmoja, na wodi ya wazazi isifunguliwe kabla sijaikagua na kutia saini.

Tulifanya kazi vizuri. Kila wiki tulikaa kwenye kivuli cha ukuta, mimi, Mahat, msimamizi wa mafundi Mowlid na watu wa kamati ya kijiji, tukanywa chai na kusema palipokwama. Nimo, na mimba yake, alikuwa akipita pale akienda kisimani. Siku moja aliniuliza kama wodi itamwahi. Nikamwambia, inshallah, itakuwahi.

Kisha nikaja Garissa kwa shughuli za ofisi, na nilipokuwa huku boza la maji matamu likakwama njiani. Mtu wa kamati, kwa haraka ya kuona jengo likiisha, alimwambia Mowlid achanganye zege la bimu zinazobeba dari kwa maji ya kisima, yale ya chumvi. Mowlid akadhani amri imetoka kwangu, akatii. Chumvi hula chuma ndani ya zege polepole, na bimu ikiliwa, dari huja chini. Mahat alipogundua, angeweza kupiga plasta na kunyamaza. Hakufanya hivyo. Alinipigia simu siku hiyohiyo akaniambia kila kitu. Nikaagiza bimu zivunjwe na kumwagwa upya, naye akakubali bila kunung'unika.

Mvua ikaanza kabla hatujamaliza. Uchungu ulipomshika Nimo, mkunga wetu aliona mtoto amekaa vibaya, akasema apelekwe Garissa, kwa kuwa wodi ilikuwa bado imefungwa. Nilikuwa ndani ya gari lile pamoja na mama. Tulikwama kwenye matope kabla ya kufika Bura. Mtoto alizaliwa pale barabarani, na damu ya Nimo ikakataa kukatika. Aliniuliza kama ni msichana. Nikamwambia ndiyo. Akamshika mama mkono, na hakusema tena.

Msibani wazee walimuuliza Mahat kwa nini wodi ilikuwa imefungwa wakati mashine zilikuwa zimeshafika, na daktari pia. Akajibu: "Jengo ni langu, na kuchelewa ni kwangu." Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nawe ukasema kwa simu kwamba hutampa mkono maisha yako yote.

Khalif, Mahat aliwaficha jambo moja kwa ajili yangu. Chumba cha kuzalia hakikuwa na kasoro. Bimu zake zilimwagwa mapema, kwa maji matamu. Mahat aliniomba kipokelewe na kufunguliwa peke yake, kina mama wasaidiwe huku vyumba vingine vikitengenezwa. Mkataba uliruhusu. Aliniomba mara ya pili, akanitajia Nimo kwa jina. Nilikataa. Niliogopa nyundo na vumbi juu ya vichwa vya wanaojifungua, niliogopa kipande cha zege kimwangukie mtoto. Nikasema sitatia saini mpaka jengo zima liwe salama.

Sijui kama nilikosea. Nikiulizwa tena, kwenye vumbi lile, huenda ningejibu vilevile, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini najua aliyekataa ni mimi, na najua Mahat hapiti tena sokoni mchana kwa sababu ya ndugu zetu.

Wasalimie mwenyeji wako Barwaqo na watoto, na umshukuru kwa kukuuguza. Mungu akuponye, akupe subira, amlaze Nimo mahali pema. Ukifika, hasira yako usiipeleke kwa Mahat. Ilete kwangu. Nitakungoja nyumbani kwa mama, na mlango utakuwa wazi.

Ni mimi mdogo wako,
Noordin