Mvivu wa Dunguni

Kiranjeranje,
Kilwa.
14 Mei, 1949.

Mpendwa kaka Bakary,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na kazi ya mkonge huko Tanga? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Hata goti la mama limetulia, na juzi alicheza ngoma, ingawa mwenyewe anakana.

Habari kubwa ni ya mdogo wetu Kibibi. Ameposwa na Fakihi, kijana wa Likawage. Kama ilivyo desturi, baba alimtaka kwanza aje afanye kazi shambani kwetu tumwone. Akapewa kuamia ndege kwenye mpunga unaoiva.

Unamjua baba na neno lake. Jogoo akichelewa kuwika, mvivu. Kuni zikikataa kushika moto, mvivu. Wewe ulipougua surua ulikuwa mvivu mpaka vipele vilipotoka. Basi siku tatu alipita shambani akamkuta Fakihi amekaa kimya dunguni, juu ya kile kichanja cha kulindia mpunga, hapigi kelele, harushi hata jiwe. Siku ya nne akatangaza kwamba posa inarudishwa, hamwozi binti yake kwa mvivu. Kibibi akaacha kula. Roho iliniuma sana, kaka.

Mama hakubishana. Alimshika baba mkono akampeleka shambani, wakajibanza kwenye mihogo. Kundi la ndege likatua. Fakihi akatikisa mguu tu, makopo yakalia pembe zote nne za shamba, ndege wakatimka. Kumbe alikuwa amezungusha kamba zenye makopo shamba zima, ncha zake kazifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Nasi miaka yote tunakaukwa na sauti kwa kupiga kelele.

Baba alipanda dunguni, akajifunga zile kamba mguuni, akakaa. Adhuhuri ikafika, hashuki. Mama akasimama chini akamwita, “Mvivu, wali unapoa.”

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tangu nizaliwe sijapata kumwona baba amekaa mchana.

Harusi ni Shaabani, kabla ya mfungo. Shangazi Mwanaasha anakusalimu sana, na Kibibi pia, ambaye sasa anakula kutupita sote.

Kaka, najua ni neno lile lile lililokuondoa nyumbani. Jana baba aliniita, akazungukazunguka, kisha akasema, “Mwandikie Bakary. Mwambie dungu linatosha watu wawili.”

Mola akufungulie njia, tukuone.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaheri