Kijiji Kisicho na Shida Yoyote

Jumatatu, 5 Mei

Maji yameingia ndani alfajiri, yakatoka bila kuaga. Kama mkwe wangu.

Adhuhuri Pak Lurah, mkuu wetu wa kijiji, katuita msikitini. Kuna watu wa chuo kikuu wanakuja kuandika wasifu wa kijiji. Tunaishije, tunakula nini, mbele yetu kuna nini. Nikasema mbele yetu kuna bahari. Na nyuma pia! Akaniambia mimi babu yao, "Mbah Kasmuri, tafadhali, siku hiyo nenda kawasalimie ndugu zako wa mbali." Watu wakacheka. Na mimi.

Lakini jambo lenyewe halichekeshi. Wilaya ina fedha za ukuta mmoja tu wa kuzuia bahari, na vijiji vinavyozama ni vitatu. Wasifu ndio utakaoamua nani apate. Asiyepata – ahame, au aote mapezi.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda makaburini kumwona Ngatinah, mke wangu. Kwa mtumbwi. Kaburi lenyewe silioni tena, limekuwa chini ya maji tangu masika. Naona dumu la bluu tu, nililolifunga kwenye mwanzi pale kichwani pake nisije nikampoteza. Linachezacheza kutwa. Na marehemu alikuwa anaogopa hata maji ya kisima!

Nikamwambia vumilia, bibi wee, ukuta ukija tutakumwagia udongo mkavu mpaka upige chafya.

Niliporudi Muntamah, binti yetu, alikuwa anakausha magodoro. Hakuniangalia. Kasema kuna chumba mjini, kapata kwa rafiki yake. Kama ukuta hauji, baada ya Idi tunahama.

"Na mama yako?"

Akageuza godoro upande wa pili.

Ijumaa, 9 Mei

Kijiji kizima kimeingia wazimu. Wanaume wanapaka chokaa kuficha mstari wa maji ukutani. Wanawake wamekwenda mjini kununua samaki wa mwatiko – sisi! Sisi tuliokuwa tunawauzia mjini! Viti vimeazimwa. Mtoto yeyote mwenye vidonda vya maji miguuni kaambiwa avae soksi.

Na Pak Lurah katazama kalenda ya maji, akachagua asubuhi yenye kupwa. Ili wageni wapite pakavu.

Nikamwuliza, mgonjwa gani anajipaka poda kabla ya kwenda kwa daktari?

"Mgeni ni mgeni, Mbah," kasema. "Utamkalisha kwenye matope?"

Hapo kanishinda. Huku kwetu kuomba ni kujivua nguo. Mtu akiulizwa kama amekula, amekula, hata kama tumbo linapiga ngoma. Hata mimi nimefagia uani. Nimefagia matope!

Jumatatu, 12 Mei

Wamekuja. Jua zuri, bahari imejikunyata kule mbali kama mtoto aliyekanywa. Mnafiki huyo.

Kiongozi wao Pak Haryoko, profesa, mtu wa sauti laini, viatu vyeusi vinang'aa. Msaidizi wake Mbak Wening, binti mwenye kompyuta. Walifika mpaka kwangu. Sasa, sakafu yangu nimeinyanyua kwa kifusi kila maji yalipozidi, paa liko palepale, kwa hiyo mlango umebaki wa kimo cha kifuani. Profesa akainama karibu apige magoti! Maisha yangu yote nimewainamia wakubwa. Leo nimelipwa.

Akasema kwa furaha, "Ah! Mlango mfupi. Ndiyo nyumba ya asili ya hapa?"

Jirani yangu Kang Sukeri akajibu upesi, "Ndiyo, Pak. Ya asili."

Ya asili! Dari yenyewe nimeigusa kwa upara. Nikinyanyua tena sakafu nitalala na mijusi.

Wakala. Mwatiko wa kuchoma, pilipili, wali mweupe. Profesa akauliza kama samaki ni wa mabwawa yetu. Kang Sukeri – ambaye mabwawa yake leo meli inaweza kupita juu yake – akasema ndiyo, Pak, ongeza. Mbak Wening akaandika.

Mwisho profesa akauliza kama tuna shida yoyote.

Wote wanatazama sahani. Pak Lurah akatabasamu mpaka masikioni. "Kubwa hakuna, Pak. Maji kidogo tu. Ya kupita."

Nilifungua mdomo. Muntamah akaujaza wali.

Alhamisi, 22 Mei

Wasifu umefika kwenye simu ya Pak Lurah. Kausoma msikitini, sauti inazidi kupungua kila mstari.

Kwamba wakazi wameridhika. Kwamba ufugaji wa samaki unastawi. Kwamba milango yetu mifupi inafundisha unyenyekevu kizazi hadi kizazi. Kwamba fursa yetu kubwa ni utalii, na tunachohitaji ni daraja la mianzi la kupigia picha. Lenye umbo la moyo.

Ukuta unapendekezwa uende kijiji cha pili, ambako watu walilia mbele ya wageni na mama mmoja alivua khanga akaonyesha miguu yake iliyooza.

"Hao hawana adabu," kasema Kang Sukeri.

"Hawana adabu," nikasema, "ila wana ukuta."

Hakuna aliyecheka. Mara ya kwanza maishani nimesema kichekesho msikitini na watu wakalia. Kang Sukeri kalia wazi, mtu mzima, kitambi kinatikisika. Baba yake na mama yake wako jirani na Ngatinah wangu, na wao hawana hata dumu.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Sisi tumeuficha tukaupaka na chokaa.

Lakini bado! Kabla wasifu haujapelekwa wilayani, profesa anarudi kupata ridhaa yetu. Nikasimama. Aje Jumanne alasiri, nikasema, siku ya bamvua, maji yakijaa. Na akae kwangu, nyumba iliyo chini kuliko zote. Asionyeshwe kitu, asinunuliwe samaki. Aone. Na mmoja wetu amwambie.

Nani?

Wote wakanigeukia. Pak Lurah naye, yuleyule aliyenituma kwa ndugu wa mbali. "Mbah, wewe ndiye usiye na haya hapa."

Kweli sina. Haya zangu zilikwenda na maji siku moja na choo changu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. "Pak, tunazama." Maneno mawili. Nimeyasema kwa ukali, nimeyasema kwa kulia. Mbuzi kasikitika sana.

Nilimpitia Ngatinah. Dumu limeingia maji, limelala ubavu. Nikamwambia kesho, bibi. Kesho mumeo anavunja adabu kwa ajili yako.

Muntamah kapanga vyombo kwenye boksi. "Tayari tu, Baba," kasema. "Sio kwamba sikuamini."

Jumanne, 27 Mei

Naandika jikoni, nimesimama juu ya benchi. Haraka. Wako sebuleni bado.

Walifika jua linaanza kuinama. Wakavua viatu mlangoni kama watu wenye malezi, wakainama, wakaingia. Profesa, Mbak Wening, Pak Lurah, Kang Sukeri. Nyuma yao, taratibu, yakaingia maji. Hayakuinama.

Kwanza chini ya mkeka. Halafu juu ya mkeka. Nikasema moyoni, haya sasa, hana pa kukwepa, ataona mwenyewe!

Ameona. Lakini mgeni naye ana adabu! Alinyanyua mguu polepole, akakunja nne kama bwana harusi, akaendelea kusifia daraja la moyo. Mbak Wening kainua kompyuta, kaiweka mapajani, anatabasamu. Hawawezi kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake inavuja bahari. Na Pak Lurah anaitikia, ndiyo Pak, zuri Pak, maji yamemfika kwenye vifundo. Tumekaa pale sote, tunazungumzia watalii, sahani ya mihogo ya kukaanga inaelea baina yetu na kila mtu anachukua kipande inapompitia!

Kisha profesa akanigeukia. Kwa heshima, kaniita Mbah. "Basi Mbah, wewe ndiye mkubwa hapa. Mmeridhika? Au kuna lolote la kusema?"

Wote wakanitazama. Kang Sukeri kaacha kutafuna. Muntamah kasimama mlangoni, mikono imeshika boksi.

Maneno mawili. Nilikuwa nayo ulimini. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo –

"Chai imepoa, Pak," nikasema. "Niwaongezee?"

Mimi! Kasmuri! Hata mbuzi angenizomea.

Nimekimbilia huku eti nachemsha. Jiko lenyewe limezimika, liko chini ya maji. Nawasikia kule, kijiko kinagonga glasi. Profesa anasema basi, kama hakuna la ziada, sahihi ya Pak Lurah hapa.

Kutoka dirishani naona mlango wa mbele. Viatu vya wageni vimeinuliwa na maji kizingitini. Kimoja cha profesa, cheusi, kinachong'aa, kimeshatoka nje. Kinakwenda taratibu, pua mbele, kimelipita banda la mbuzi, kimeshika njia ya makaburini. Kule kwenye dumu la bluu.

Nikipiga kelele, itabidi niseme kwa nini kiatu kinaogelea.

Muntamah kaingia. Kakiona. Kanitazama mimi.

Cha pili nacho kimeanza kuondoka.