Vigelegele Vyako Mtongani

Dada Somoe,

Shikamoo. Mtongani kuna joto la kukaanga samaki bila mafuta, nami nimeshagombana na simu.

Mwanao Hawa anatengeneza midundo ya singeli humu jikoni, kwa simu tu. Ana programu mbili. Ya kulipia ni safi, ila kasi ya midundo yake inaishia pale singeli inapoanza. Ya bure inakimbia utakavyo. Hapo nikashtuka, nikavaa miwani, nikasoma masharti yake yote. Wameandika kwamba kila sauti utakayoingiza, nao wataitumia wapendavyo.

"Mjomba, hakuna anayesomaga hayo," Hawa akasema. "Unabonyeza Nakubali, unaendelea."

"Na sauti unayoingiza ni ya nani?"

Akacheka, akanisikilizisha. Ni wewe, dada, unapiga vigelegele kwenye arusi ya Salma, kwa ile pumzi inayowashinda wote Lindi.

Mdundo ni mtamu, nakiri kwa uchungu. Lakini nimemzuia asibonyeze. Mwenye koo yupo hai, aulizwe.

"Mama atakubali tu, mie namjua."

Ndicho ninachokiogopa. Ningekupigia simu, angeninyang'anya akulainishe. Basi kadi hii nampa kondakta wa basi la Lindi, na Hawa ameahidi kusubiri ikufikie. Akipiga, mwambie akusomee masharti yote kwanza, neno kwa neno, ndipo umjibu. Koo ni lako, mimi ni mdomo tu.

Mungu akutunzie pumzi.

Mdogo wako,
Bakari