Ngoma ya Saa Kumi Alasiri

Hotelini, mbugani
Jumapili mchana

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Shikamoo ya pili tena, maana ile ya barua iliyopita najua hukuiitikia kwa hasira za kukaa miezi mitatu bila kuandikiwa. Hamjambo hapo Kang'ata? Mahindi yamebeba, au ndiyo bado bwana shamba anawaambia yatabeba? Na shemeji mwalimu, kile kikohozi chake kimemwacha? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala kidogo.

Nina ombi kabla hujaendelea. Barua zangu huwa unazisoma uani kwa sauti, mama anachambua maharage, na jirani anapita makusudi mara nne. Hii isome peke yako. Nenda nayo hata chooni, lakini uwe peke yako.

Katika barua yako ya kwanza uliniandikia kwamba mama anaanguka. Kila Jumamosi, akishaswali alasiri, macho yanamgeuka, anatetemeka robo saa nzima, halafu anakaa akitazama mlango mpaka kesho yake, kama mtu aliyealikwa akasahauliwa. Vidonge vya damu vya zahanati amevimaliza na hakuna nafuu. Ukaniuliza kama mimi, mtoto wa mwisho aliyekuwa hambanduki mama, najua lolote. Dada, najua. Ni mimi. Nisikilize taratibu, utanilaani ukishafika mwisho.

Nilipokuja huku niliwekwa kuosha masufuria, hilo unalijua. Na mkono wangu haukai bure, nimeurithi kwa baba, basi nikawa nayapiga yale masufuria huku nayaosha. Siku moja meneja akapita akasikia. Meneja wetu ni mtu wa Azimio la Arusha haswa. Kwenye mikutano ya tawi la chama hutuambia kila mtalii anayeshuka hapa ni fedha za kigeni, na fedha za kigeni ni trekta kijijini. Kama hayo matrekta yamefika Kang'ata niandikie, nami nifurahi. Akaniuliza kama ngoma naiweza. Nikajibu kwa maringo kuwa baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa kuitwa mpaka Korogwe. Basi zikaagizwa ngoma tatu, nikashonewa nguo ya manyoya ambayo kwetu haivai hata kichaa, nikapangiwa kila Jumamosi saa kumi, wageni wanapokunywa chai kwenye majani karibu na bwawa la kuogelea.

Nikaanza na ngoma za mavuno. Wageni wakapiga picha mbili tatu, wakarudi kwenye keki. Nikajaribu za harusi, wakapiga miayo. Jumamosi ya tatu sijui nini kilinipata, mikono ikaenda yenyewe kwenye ile ya baba. Unaijua ninayoisema. Ile ya kupunga pepo, aliyompigia mama mwaka ule alipougua nusura afe, na Bi Mwanaidi fundi wa pepo akiimba, mpaka aliyemkalia mama akajitaja, akapewa chake, akaagwa, mama akapona. Wageni wakaweka vikombe chini. Nilihisi baridi shingoni, na jua lilikuwa la kuunguza. Meneja akaja mbio akasema hiyo hiyo, kila Jumamosi, ila isizidi robo saa, maana wageni wanasubiriwa na magari ya kwenda kutazama tembo.

Nikamwambia kwamba ile haikatwi. Inaita, na aliyeitwa lazima aagwe arudi kwake. Akacheka, akanipiga bega.

"Huu ni utamaduni, Athumani. Si uganga."

Nikaipiga hivyo hivyo, robo saa. Sitakudanganya dada, nilipenda makofi. Mwosha masufuria hapigiwi makofi. Tena kukatiwa kulinisitiri, kwa sababu mwisho wake siujui. Mwanzo naujua kama jina langu, lakini kuaga kulikuwa kunafanyika karibu na adhana ya alfajiri, na mimi mtoto nilikuwa nimeshalala zamani.

Sasa, nyani wa hapa wameharibiwa na wageni. Matunda ya porini hawayataki, wanangoja makombo na kupora mikate mezani. Jumamosi ya nne wakashuka kundi zima, nikadhani ni wizi wao. Wakakaa safu moja pembeni ya majani, wakubwa kwa wadogo, kimya, mikate wala hawaiangalii. Walikuwa wanatazama nyuma yangu. Nikamaliza, wageni wakaondoka, nao wakabaki wametulia vile vile wanatazama pale pale. Niligeuka. Palikuwa na ukuta mweupe tu.

Kuna mlinzi wetu mmoja, Mmasai, mtu wa maneno machache. Kijito watu wake walichokuwa wananyweshea ng'ombe kimeelekezwa kwenye bwawa la kuogelea, na kina mama zao huko bondeni wanachimba mchanga ndipo wapate maji ya kunywa. Yeye ameajiriwa kulilinda hilo bwawa. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Alinifuata jikoni akaniuliza kwa upole kabisa.

"Yule mama mzee anayesimama nyuma yako Jumamosi, mbona mkimaliza hamumpi hata maji?"

Nilimwambia hakuna mama. Akanitazama, akaenda zake, na kesho yake akaomba abadilishiwe zamu.

Hata hapo sikuacha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jumamosi iliyofuata alikuwapo bibi mmoja wa Kizungu, mpole, amening'iniza kinasa sauti begani. Alinasa ngoma yangu yote. Baada ya chai akamtuma mhudumu aniite. Alitaka kuandika katika daftari lake jina la mwanamke aliyekuwa anaimba. Nikasema nilikuwa peke yangu. Akacheka, akabonyeza ile mashine. Ngoma yangu niliijua. Na chini ya ngoma nikamsikia mama, kwa Kizigua chetu, kwa ile sauti nzito ambayo si yake.

"Mmeniita. Mbona hamniagi?"

Alisema mara tatu. Nilikaa chini kwenye majani, mbele za wageni. Nilimsihi yule bibi aufute ule ukanda. Mhudumu akatafsiri, sijui alitafsiri nini, bibi akadhani nadai malipo. Akanishika mkono akasema hakuna zawadi kubwa aliyoipata safari nzima kuliko hii, na ule ukanda atawapigia rafiki zake kila watakapokuja kwake kunywa chai. Asubuhi gari likampeleka uwanja wa ndege.

Nikaacha tangu siku ile. Nilisingizia kidole kimevimba. Meneja alininunia wiki nzima, kisha akazitundika ngoma ukutani mapokezi ziwe pambo. Nikarudi kwenye masufuria yangu, nikawa nayaosha bila kuyapiga, nikajua yamekwisha.

Juzi ndiyo barua yako ya pili ikanifikia. Kwamba siku hizi Jumamosi mama ni mzima, anasuka ukili na kutania watu. Lakini Jumanne alianguka kisimani mchana, mtungi ukavunjika. Alhamisi mara mbili. Robo saa ile ile, na mlango ule ule wa kutazamwa, na amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Unauliza mbona sasa haina siku wala saa. Ni yule bibi, dada. Sijui kwao chai hunywewa saa ngapi, na sijui ana rafiki wangapi. Naogopa. Mimi niliweza kuacha, yeye nitamwambia nini, na nitamwandikia wapi?

Nimeomba likizo, nimeambiwa huu ni msimu wa wageni. Basi wataniona wakiniona, Ijumaa napanda basi. Nitalala Kwamndolwa kwa mama mdogo, Jumapili niko hapo. Lakini usiningoje, mimi nikifika sitajua la kufanya. Baba hayupo. Bi Mwanaidi walipomhamishia Kwedizinga wakati wa operesheni ya vijiji hakumaliza mwaka, wakamzika huko huko. Kati ya wote waliokaa ile ngoma mpaka kukicha umebaki wewe. Ulikuwa msichana mkubwa, unaitikia pamoja na wanawake. Mimi nilikuwa nimelala mapajani pako.

Najua ulimwapia shemeji kwamba mambo hayo hutayagusa tena. Namheshimu, na dini yake ndiyo yangu. Mwambie mkwe wake anakufa, halafu yeye aende akatazame shamba.

Usiniambie umesahau. Kuna jambo nimelificha huko juu, nilikuwa naona haya kuliandika. Mwishoni mwa ule ukanda, ngoma imeshanyamaza na wageni wanapiga makofi, chini ya makofi kuna mtu anaimba wimbo nisioujua, nadhani ndio ule wa kuaga. Anaimba polepole, kama anayembembeleza mgonjwa aliyemshika kichwa. Mistari miwili tu, kisha anajikatisha ghafla. Ile sauti haikuwa ya mama. Ilikuwa yako.

Safari hii wimbo usiukatishe, dada.

Mnisalimie shemeji mwalimu, na wanao mmoja mmoja, hasa yule mwenye jina langu. Balozi wa nyumba kumi mwambie ngoma ikisikika kwetu mchana ni mgonjwa anapigiwa, asije na mgambo. Mama mwambie tu naja, na umbusu mikono kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako asiyesikia,
Athumani

Ngoma ya baba iko darini, nyuma ya vinu. Ngozi imelala miaka mingi, ipashe moto kwanza.