Binti wa Siku Nne

Alhamisi, Bwera. Mvua imeteremka kutoka milimani tangu saa tano na bado inapiga bati la chumba cha walimu. Wenzangu wameshaondoka. Nimebaki na chai iliyopoa na moyo mzito.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza ni cha darasani, na nikiandika Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, nitalia kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Mke wangu alijifungua Jumatatu. Mtoto wa kike, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Furaha ipo, ila nimeiharibu mwenyewe.

Jumanne yule mama wa hospitali anayeandikisha watoto alikuja na daftari lake, akauliza huyu ni wa ngapi. Nikasema wa kwanza. Akauliza jina. Nikasema Masika. Akaandika, akaenda kitanda kingine.

Nilidanganya.

Masika wetu alizaliwa mwaka juzi. Alikaa siku nne, nikamzika kwa mikono yangu nyuma ya nyumba, penye migomba. Kwetu sisi Wakonzo jina la mtoto ni zamu yake ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na kuendelea. Mtoto akifa, anaondoka na zamu yake, jina lake hapewi mwingine. Hilo nalijua tangu utotoni, sikuhitaji kukumbushwa na mtu.

Mke wangu alikuwa pale kitandani, anasikia kila neno. Akageukia ukutani. Yeye ni wa upande wa Beni, Kongo. Walivuka mpaka hapo Mpondwe na mama yake akiwa msichana, na ndugu waliozikwa huko anawataja wote, mmoja mmoja, kila Jumapili kabla ya misa. Desturi ya majina ni ileile kwao. Jana tulipofika nyumbani akanigeukia.

"Uliambia ule mama hii ni wa kwanza," akasema. "Basi ule mwenye tulizika alikuwaka nini? Mi niko na batoto babili."

Mama yangu, aliyekuja kutoka Karusandara kumwogesha mjukuu, akauliza basi tumwite nani. Mke wangu akamwambia, "Muulize baba yake." Tangu hapo mtoto anaitwa "huyu". Huyu amelala. Huyu ana njaa.

Leo nilikuwa na kipindi cha fizikia, mnyororo wa uraniamu: jinsi elementi nzito inavyovunjika ikawa nyingine, na hiyo nyingine ikavunjika ikawa nyingine tena, hatua baada ya hatua, mpaka ifike kwenye madini ya risasi na kutulia. Ile inayovunjika tunaiita mzazi, inayotokea tunaiita binti. Ni somo ninalolipenda kuliko yote. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba wataalamu wa zamani, kabla hawajajua vile vitu ni nini hasa, walivipa majina kwa zamu ya kutokea kwavyo: Radiamu A, Radiamu B, Radiamu C. Nawaambia wale wazungu walikuwa Wakonzo bila kujijua, na darasa zima linacheka.

Leo utani huo nimeuruka.

Nikamwita msichana mmoja aje ubaoni aandike kuanzia radiamu. Akachora mshale kutoka radiamu moja kwa moja hadi poloniamu. Katikati hapo hukaa radoni, na hakuiandika. Nikamuuliza iko wapi.

"Lakini ticha, nusu uhai yake ni siku ine tu. Mi nilizani ya haraka hivyo hatuihesabu."

Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ukali, bila kufikiri. "Ilikuwepo. Hata ingekaa dakika tatu, iandike mahali pake."

Akafuta, akaandika. Mimi nikabaki nimeshika chaki, nimekodolea macho ubao, hadi wanafunzi wakaanza kutazamana. Nikasingizia vumbi la chaki nikatoka nje kidogo.

Najua nusu uhai, ule muda wa nusu ya kitu kuvunjika, si umri. Mwanafunzi anayechanganya hayo namkata alama. Na mtoto si radoni, wala Biira hakutokana na Masika. Lakini msichana wa watu nimemkemea mbele ya wenzake kwa kosa lilelile nililolifanya mimi Jumanne, na langu nililifanya kwa makusudi.

Mke wangu anadhani nilitaka kumsahau Masika. Sikutaka. Naogopa tu, na sijamwambia hilo. Niliona nikisema wa pili, nitakuwa nimeanza kuhesabu siku. Nikisema wa kwanza, tutaanza upya kama watu ambao hawajawahi kuchimba kaburi dogo. Mtu mzima, mwalimu wa sayansi, na ndivyo nilivyowaza.

Na siku nimezihesabu vilevile. Leo ametimiza tatu. Asubuhi kabla ya kuja kazini niliinama juu ya mtoto kusikiliza pumzi yake, nikamkuta mke wangu naye yuko macho, anasikiliza.

Mvua ikipungua nitakwenda nyumbani. Nitamwambia mke wangu kwamba naogopa. Halafu nitamwita mtoto kwa jina lake, mbele ya mama yangu, na kesho asubuhi nitarudi kwa yule mama mwenye daftari nimwambie nilikosea. Atauliza tena huyu ni wa ngapi. Nimejaribu kulisema jibu hapa peke yangu, mara mbili. Sasa naliandika.

Wa pili. Anaitwa Biira. Dada yake ni Masika.

Kesho ni siku ya nne.